Unga wa oksijeni kwa nguo nyeupe: nimeutumia miezi 14, haya ndiyo niliyoyaona

Kilichonifanya ninunue unga huu ni foronya sita za marehemu mama. Alizitarizi mwenyewe, tano kwa uzi mweupe juu ya pamba nyeupe, na ya sita akaizungushia maua madogo ya waridi pembeni. Zilikaa miaka 11 kwenye sanduku la mbao, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa vizuri, nami nikiamini nimezitunza. Siku nilipozitoa zilikuwa na mistari ya manjano kila mahali palipokunjwa, na mbili zilikuwa na mabaka ya kahawia katikati kama zilizomwagikiwa chai. Hakuna aliyezimwagia kitu. Pamba yenyewe huzeeka ikikaa na hewa, na huzeeka upesi zaidi ikiwa imebaki na sabuni ambayo haikusuuzwa ikaisha, au mafuta ya ngozi yaliyojificha ndani ya nyuzi. Mbao tupu nazo hutoa asidi pole pole, na kitambaa kinachogusana nazo ndicho hubadilika kwanza. Foronya ya chini kabisa ilikuwa mbaya kuliko zote.

Mtu mwingine angekimbilia dawa ya klorini. Mimi nilifanya kazi miaka 19 katika chumba cha kufulia cha hospitali, na klorini naijua kwa pua na kwa vidole. Inafanya kazi yake ya kuua vijidudu vizuri sana na hospitali ina sababu ya kuitumia. Lakini nimeona inavyokula pamba. Shuka huwa jeupe, jeupe, jeupe, halafu siku moja unalivuta kulitandika na linachanika katikati kama gazeti lililolowa. Nguo zenye mpira wa kunyumbuka ndizo huumia zaidi: zinageuka manjano na mpira unalegea, na hapo hakuna cha kurudisha. Nisingeweza kuthubutu kuzitia foronya za mama humo.

Ndiyo maana nikanunua unga wa oksijeni. Sitaji chapa, kwa sababu kitu hichohicho kinauzwa kwa majina mengi, na ninachotaka ujue ni kilichomo ndani ya mfuko. Jina lake ni sodiamu perkaboneti. Ni chembe nyeupe kama mchanga mkavu, hazina harufu. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyoshikana: magadi ya kufulia na haidrojeni peroksaidi, na hiyo peroksaidi ni karibu theluthi moja ya uzito wote. Ukiutia unga kwenye maji ya moto vitu hivyo huachana. Magadi huyafanya maji yawe makali kwa uchafu na kuyalainisha kama ni maji magumu, na peroksaidi huivunja ile rangi ya doa. Kazi ikiisha kinachobaki ndani ya beseni ni maji yenye magadi, na oksijeni imepotelea hewani. Hakuna harufu inayokufuata hadi kitandani.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Peroksaidi iligunduliwa na Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818, na mwaka 1907 kampuni ya Henkel ya Ujerumani ikatoa Persil, sabuni ya unga iliyochanganywa na perborati, ambayo nayo hutoa oksijeni ndani ya maji. Jina Persil limetokana na perborati na silikati. Perborati hutaka maji ya moto sana ndipo ifanye kazi. Perkaboneti huanza kwenye joto la chini zaidi, na haina boroni. Nayasema haya kwa sababu jirani yangu aliponiona nikiloweka aliniuliza kama ni moja ya vitu vipya vya kujaribiwa kwa watu. Hapana. Ukisoma nyuma ya pakiti za sabuni nyingi za unga za nguo nyeupe, utakikuta humo tayari, kwa kiasi kidogo.

Na hapo ndipo lilipo lalamiko langu la kwanza. Mfuko wa kwanza nilioununua ulikuwa umeandikwa OKSIJENI kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Una harufu ya maua, una chembe za buluu, una kijiko cha kupimia chenye rangi nzuri. Nikaloweka shati, usiku kucha, halikubadilika cha kusema. Nikageuza mfuko. Kwenye maandishi madogo: vipaushaji vya oksijeni, asilimia 5 hadi 15. Kilichobaki ni magadi, chumvi za kujazia, manukato. Nilikuwa nimenunua magadi yenye manukato. Sina ugomvi na magadi, ni kitu kizuri, lakini mtu aniambie kwamba ndicho anachoniuzia. Mfuko wa pili ulikuwa wa karatasi nene, hauna picha, na nyuma umeandikwa kitu kimoja tu: sodiamu perkaboneti. Huo ndio ninaouzungumzia hapa, na ndio ninaoendelea kuununua.

Lalamiko la pili ni hili. Mifuko yote miwili inasema unga unafanya kazi hata kwenye maji ya baridi, kwa dakika chache. Sikuridhika, nikaamua kupima. Nilichukua shuka kuukuu la pamba, nikalichana vipande vinne, nikavichovya vyote kwenye chai kavu iliyokolea na kuviacha vikauke siku mbili. Kipimajoto cha jikoni ninacho. Vipande vitatu nilivitia kwenye unga, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita ya maji: kimoja kwenye nyuzi 20, kimoja nyuzi 40, kimoja nyuzi 60. Kipande cha nne nilikitia kwenye maji ya nyuzi 60 yenye magadi matupu, bila oksijeni, ili nisije nikausifu unga kwa kazi iliyofanywa na moto. Ndoo zote nikazizungushia mablanketi ya zamani zisipoe haraka, nikaketi.

Baada ya saa moja, kipande cha nyuzi 60 kilikuwa kimerudi cheupe, nikikiweka mbele ya dirisha sioni doa. Cha nyuzi 40 kilikuwa kimebaki na rangi hafifu ya krimu. Cha nyuzi 20 kilikuwa bado ni kitambaa cha chai. Kile cha magadi matupu kilikuwa kimekolea zaidi ya nilivyokitia, kahawia iliyoiva, kwa sababu rangi ya chai hukolea ikikutana na magadi. Nikaviacha. Saa ya sita, cha nyuzi 40 kilikuwa cheupe kama mwenzake, na cha nyuzi 20 kilikuwa kimepauka nusu, nusu bado. Kwa hiyo anayeandika maji ya baridi na dakika chache hajapima, au amepima akanyamaza. Kuna dawa nyingine huongezwa kwenye sabuni za unga za mashine ili oksijeni iamke kwenye maji ya vuguvugu, lakini kwenye mfuko wa perkaboneti tupu haimo. Huu unataka moto, na pale usipoweza kuupa moto, uupe saa nyingi.

Nikarudi kwa foronya. Pamba iliyozeeka sikutaka kuipeleka nyuzi 60 mara moja, nikachagua nyuzi 40 na muda mrefu. Lita kumi za maji kwenye beseni la plastiki, vijiko vinne, chini ya nusu ya kipimo cha majaribio. Kwanza niliyeyusha unga wote kwa kijiko cha mbao hadi nisione chembe chini, maana chembe ikilala juu ya kitambaa hukipausha pale ilipolala peke yake, na unapata kidoadoa cheupe kuliko sehemu nyingine. Kisha foronya moja moja, zikiwa zimeshalowa maji safi, nikizikandamiza hadi hewa yote itoke. Kitambaa kinachoelea juu ya maji hubaki na mstari pale maji yalipoishia. Mimi huweka sahani ya udongo iliyogeuzwa juu yake.

Ndani ya dakika ishirini maji yalikuwa ya rangi ya chai. Nilisimama pale nikayatazama. Miaka 11 ilikuwa inatoka, na pengine kabla ya hapo, maana foronya hizo zililaliwa na watu wengi wa nyumba yetu kabla ya kufungiwa. Baada ya saa sita nikazitoa kwa kuziinua na taulo chini yake, kwa sababu kitambaa cha zamani kikiwa kimebeba maji mengi kinaweza kuchanika kwa uzito wake mwenyewe. Nikasuuza, nikarudia na maji mapya. Maji ya mara ya pili yalikuwa ya manjano kidogo tu. Mistari ya makunjo ilikuwa imekwenda. Mabaka mawili yakabaki kama kivuli, unayaona ukijua yalikuwa wapi. Ningeweza kuendelea mara ya tatu na ya nne, nikaacha. Peroksaidi ni mpole kuliko klorini lakini kila mara inapovunja rangi inagusa na uzi, na uzi wa kutarizia wa mama ulikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kusuuza hakutaki haraka. Magadi yakibaki kwenye pamba, siku ya kupiga pasi utaona rangi ya manjano inarudi kwa joto, halafu utaulaumu unga. Mimi nasuuza mara tatu kwa maji mengi, na maji ya nne natia kijiko kimoja cha siki nyeupe kwa ndoo nzima, kisha nakamua kwa kukandamiza ndani ya taulo, sisokoti. Siki hiyo iwe ya mwisho, baada ya unga kuondoka wote. Nimeona watu wakishauriana kuvichanganya viwili hivyo kwenye beseni moja eti nguvu iongezeke. Kwanza vinauana nguvu, na pili vinaweza kutengeneza asidi ya perasetiki, inayochoma macho na koo. Klorini pia usiikutanishe na unga huu, vinachafukiana kwa povu na joto na vyote viwili vinapotea bure. Na klorini na siki, hata kama hukusoma kingine chochote hapa, usivikutanishe kamwe: hewa inayotoka ni ya sumu. Kazini niliwahi kumtoa mwenzangu mlangoni akikohoa kwa sababu ya kosa hilo, na chumba kilikaa wazi hadi jioni.

Baada ya foronya nilianza kuutia unga kwenye kila kitu, na huko ndiko nilikojifunza mipaka yake.

Chai, kahawa, divai, juisi za matunda, majani: haya ndiyo madoa yake, na hunisikitisha kuona watu wakitupa kitambaa cha meza kwa doa la divai. Kola za mashati ni habari nyingine. Weusi wa kola ni mafuta ya ngozi yaliyoshika vumbi, na oksijeni haiyeyushi mafuta. Ninapaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwanza, nasugua kwa brashi laini, naacha nusu saa, nasuuza, ndipo naloweka. Ukiruka hatua hiyo, kola itatoka na mstari wa kijivu. Damu nayo ianze na maji ya baridi. Hospitalini hilo lilikuwa la kwanza kufundishwa mgeni yeyote: maji ya moto huipika damu kama yai, ikishikamana na uzi umeipoteza shuka. Baridi kwanza hadi maji yatoke safi, na kile kivuli cha kahawia kinachobaki ndicho cha unga.

Bizari ya manjano ilinitisha. Kitambaa cha meza chenye doa la manjano kilipoingia kwenye beseni, doa likageuka jekundu mbele ya macho yangu, jekundu la kutu. Nilikitoa haraka nikidhani nimekiharibu. Ile rangi ya bizari ndiyo tabia yake: ikikutana na magadi huwa nyekundu, na nilipokisuuza kwa maji ya siki ikarudi manjano. Unga uliipunguza kiasi. Kilichoimaliza ni jua. Nilikianika siku mbili kikiwa na unyevu, doa likitazama juu, na siku ya pili jioni sikuliona tena. Rangi hiyo haistahimili mwanga, kwa hiyo kama una jua, anza nalo.

Sasa kutu, na hapa nataka msomaji anisikilize vizuri. Nilikuwa na shati jeupe la kitani ambalo nililipenda kuliko nguo yangu yoyote. Lilikuwa limetundikwa kwenye kibanio cha waya, waya ukaota kutu, na begani pakawa na kidoa cha rangi ya chungwa chenye ukubwa wa punje ya dengu. Nikalitia kwenye unga pamoja na nguo nyingine, nyuzi 60, saa nne. Lilipotoka, kidoa hakikuwepo, na kitambaa cha pale hakikuwepo. Tundu. Pembeni yake nyuzi zilikuwa dhaifu, ukizigusa zinakatika. Chuma huifanya peroksaidi ivunjike kwa nguvu yote mahali pamoja, na nguvu hiyo huikata pamba na kitani palepale. Hakuna mfuko hata mmoja kati ya miwili niliyonunua ulioandika onyo hilo, na hilo nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko la maji ya baridi. Anayeuza kitu cha kuokoa nguo ana wajibu wa kusema kinapoiua. Tangu hapo kila nguo nyeupe naikagua mbele ya dirisha kabla ya kuiloweka, begani, kwenye vifungo vya chuma, kuzunguka zipu. Nikiona kutu, naitoa kwanza kwa maji ya limau na chumvi, au asidi sitriki iliyoyeyushwa, nasuuza hadi niridhike, ndipo unga. Zipu na vishikizo vya chuma sivilazi saa nyingi humo hata kama vinang'aa.

Kwa taulo sina ila sifa. Unaijua taulo inayonuka vibaya mara tu inapolowa, ingawa imefuliwa na kukauka vizuri. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kwamba chanzo kikubwa cha harufu hiyo ni bakteria anayeitwa Moraxella osloensis, anayeweza kustahimili kukaushwa na akaishi ndani ya kitambaa akisubiri maji. Sabuni ya kawaida kwenye maji ya vuguvugu haimwondoi. Nilikuwa na taulo saba za namna hiyo. Nikaziloweka nyuzi 60 kwa saa nne, kijiko kimoja kwa lita, nikazifua kama kawaida. Zote saba zimepona harufu, na tano hazijairudia hadi leo. Mbili nilizirudia baada ya miezi mitatu. Maji ziliyoyaacha taulo hizo yalikuwa ya kijivu, yenye utando, na naamini sehemu kubwa ya utando huo ni kile kilainishi cha nguo nilichokuwa natia kila wiki. Kilainishi hufunika nyuzi kwa kitu kama mafuta, ndiyo maana taulo huwa laini na haifyonzi maji. Nimekiacha kwa taulo. Zimekuwa ngumu kidogo zikikauka, nazikung'uta kwa nguvu kabla ya kuzianika, na zinanikausha.

Nguo za rangi nimezijaribu kwa tahadhari na nyingi zimevumilia. Kabla ya kuloweka nachukua sehemu iliyojificha, ndani ya pindo au chini ya mfuko, natonesha maji ya unga, nasubiri dakika kumi, kisha nagandamiza kitambaa cheupe. Rangi ikihamia hapo, nguo hiyo haina safari. Tazama na kibandiko ndani ya nguo: pembetatu tupu maana yake inavumilia kupaushwa kwa dawa yoyote, pembetatu yenye mistari miwili ya mshazari ndani ni oksijeni peke yake, na iliyopigwa msalaba usiiguse. Sufu na hariri usizitie hata dakika tano. Hizo ni protini, kama nywele, na maji ya magadi huzila. Mke wangu ana shali ya sufu ambayo aliiona mkononi mwangu karibu na beseni, akaja akaichukua bila kusema neno, na alikuwa sahihi.

Jambo moja la hatari zaidi ya kutu. Siku moja nilibakiza maji ya unga nikayatia kwenye chupa ya kupulizia ili nipulizie kola asubuhi. Nikafunga kifuniko. Asubuhi chupa ilikuwa imevimba imekuwa duara, na nilipogusa kifuniko kiliruka kikagonga ukuta. Maji hayo huendelea kutoa oksijeni kwa saa nyingi, na gesi isipopata pa kutokea itajitengenezea. Kingekuwa usawa wa jicho ningekuwa naandika mambo mengine. Tengeneza ya kutumia leo, yanayobaki mwaga, na ndoo unayolowekea usiifunge kwa kifuniko cha kubana. Vaa glavu, maana ukishika maji hayo mara kwa mara ngozi hukauka na kupasuka, na unapomimina unga geuza uso, vumbi lake huwasha pua. Mfuko ukae pakavu, pasipo joto, mbali na watoto. Unyevu ukiingia unga huanza kuvunjika wenyewe na kupoteza nguvu. Nikiwa na shaka na mfuko uliokaa, natia kijiko kwenye glasi ya maji ya moto: ukitoa vijipovu kwa bidii uko hai, ukinyamaza umebaki kuwa magadi, nautumia kusugulia sakafu.

Kilo moja hunipa beseni 16 kwa kipimo changu cha vijiko vinne, na beseni moja hubeba mashuka mawili na foronya zake. Siyo kitu cha kila wiki. Mashuka ya kawaida naloweka mara moja kwa miezi miwili, taulo kila miezi mitatu, mashati kabla ya kola kuanza kugeuka. Muda mwingine wote sabuni ya kawaida na jua vinatosha. Nguo hutunzwa zaidi kwa kufuliwa mapema kabla doa halijakaa kuliko kwa dawa yoyote, na hata huu unga nisiwe nimeusifu hadi ukasahau hilo. Nitaununua tena? Nimeshaununua mara nne, mfuko uleule wa karatasi usio na picha. Ule wenye harufu ya maua sikurudi.

Imebaki foronya ya sita, yenye maua ya waridi. Niliipima kama ninavyopima nguo zote, kwa kitambaa cheupe juu ya petali moja upande wa ndani, na kitambaa kikatoka na waridi. Nikajaribu maji ya baridi matupu, bila unga wala sabuni. Hata hayo yaliutoa uzi rangi kidogo. Nilikuwa nikifikiri jinsi ya kuyakinga maua kwa kuyashikilia juu ya maji na kuloweka katikati tu, dada yangu akaingia, akaiona imetandikwa mezani.

"Kaka, hiyo iache," akasema. "Nilikuwa naye siku aliponunua uzi ule. Alirudisha mara mbili dukani hadi akapata rangi anayoitaka."

Nikaiacha. Nimeifunga ndani ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kilainishi, kikasuuzwa mara nne, na imekaa kwenye rafu, haigusi mbao. Kila baada ya miezi michache naifungua na kuikunja upya mahali pengine ili mkunjo usikae pamoja. Ina manjano yake ileile pembeni mwa maua, na maua yako vilevile alivyoyaacha.